Kuni Zenye Alama ya M

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata daftari. Juu limeandikwa "Mahudhurio ya Kwaya", na kurasa nne za mwanzo zina majina ya sauti ya pili. Haidhuru. Mtu mwenye shughuli nzito kama zangu lazima aweke kumbukumbu.

Shughuli yenyewe ni kuni. Shemeji yangu Upendo, mdogo wa mwisho wa mke wangu, anafunga ndoa Jumamosi ya wiki ijayo huko Msimbati. Juzi kulikuwa na kikao cha harusi nyumbani kwa mama mkwe, Bibi Celeste. Mwanyumba wangu Manuel, aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba ataleta kuni kidogo kidogo kwa guta lake la magurudumu matatu. Watu wakampigia makofi. Guta! Nikasimama. Sikumbuki niliamua saa ngapi kusimama. Nikasema kuni zote niachiwe mimi, nitaleta tela zima, kwa trekta, kwa mkupuo mmoja. Nilitarajia makofi. Kukawa kimya. Bibi Celeste akauliza kama hizo kuni zitakuja pamoja na lile tangi la maji nililomwahidi mwaka juzi.

Swali lile sikulielewa. Tangi na kuni ni vitu tofauti.

Mke wangu Elsa hakurudi nami nyumbani Likombe. Yuko kwa mama yake wiki ya tatu sasa. Nilidhani ni maandalizi ya harusi. Kumbe si maandalizi peke yake. Alinisindikiza hadi barabarani akaniambia kwamba kuni zikifika, atarudi nyumbani. Zisipofika, nimpelekee cherehani yake. Hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mpango ni huu. Trekta ni la Jaime, kaka yake Elsa. Magogo ni ya Mzee Sudi, mkulima wa korosho njia ya Msimbati, aliyeangusha mikorosho yake mizee ili apande miche mipya. Amesema anayetaka magogo achukue, mradi shamba lisafishwe. Sijaona tatizo lolote hapo. Nimesoma mpango mara tatu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimechukua trekta! Jaime aliniuliza kama ninajua kuliendesha likiwa na tela. Nikamwambia, shemeji, nimefanya kazi bandarini miaka minne. Ni kweli. Nilikuwa nahesabu magunia ya korosho. Lakini matrekta ya kuvuta matela yalikuwa yanapita mbele yangu kila siku, na macho ninayo. Akauliza, na kurudi nyuma na tela unajua? Nikacheka. Naye akacheka. Akanipa ufunguo.

Kwenda mbele ni raha tupu. Nilipofika Likombe nikaingia kwenye kichochoro cha nyumbani ili majirani waone. Kichochoro kile kinaishia kwenye uzio wa Mama Hawa. Hapo nikalikumbuka swali la Jaime.

Nataka nieleze kwa utulivu. Ukikata usukani kulia, trekta linaenda kulia. Hilo linaeleweka. Lakini ukirudi nyuma, tela linaenda kushoto. Kwa nini? Nikakata kushoto, likaenda kulia. Nikasema basi nitalidanganya: nikakata kulia huku nafikiria kushoto. Likajikunja katikati kama panzi aliyekanyagwa, likabeba uzio wa Mama Hawa na nusu ya jiko lake.

Mama Hawa alitoka na mwiko. Alisema maneno mengi. Lililo muhimu ni kwamba nitajenga uzio upya.

Wanaume tisa walichomoa pini, wakaligeuza tela kwa mikono, wakalifunga tena. Mmoja wao ni Hamisi, mpakiaji wa mizigo, mabega yake kama mlango. Aliuliza kama trekta hili lina gia ya nyuma au liliuzwa bila. Nimempenda. Nimemwomba awe msaidizi wangu, naye kakubali kwa sababu amesikia kuna pilau.

Nimefikiri sana. Dunia ni duara. Mtu akiendelea mbele tu, lazima atafika alikotoka. Kuanzia kesho hakuna kurudi nyuma.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee Sudi alinielekeza kwa simu: ukipita zahanati, ingia njia ya shambani, magogo yako yapo mkono wa kulia. Nikapita zahanati. Nikaipita na njia ya shambani, kwa hatua kama kumi. Mtu mwingine angerudi nyuma. Mimi nikazunguka vijiji viwili, saa moja na nusu, nikaingia shambani kwa upande wa pili.

Sasa je, kulia kwa Mzee Sudi ndiko kulia kwangu? Hamisi alisema kwa kuwa tumekuja kinyume, kulia sasa ni kushoto. Nikamwambia kulia ni kulia, ndiyo maana kukaitwa kulia.

Na mkono wa kulia tukakuta maajabu! Magogo yamekatwa urefu mmoja, yamepangwa vizuri kama sabuni dukani. Kila gogo lina alama ya chokaa kichwani: M. Hamisi akauliza M ni nini. Nikamuuliza, Hamisi, mimi naitwa nani? Akasema Mauricio. Basi. Sikujua kama Mzee Sudi ananiheshimu kiasi hiki.

Tumepakia mchana kutwa. Kwa kuwa tela lilisimama likiwa limelipa rundo mgongo, tulipakia kwa nyuma. Hamisi alisema uzito lazima uende mbele. Nikamwambia mbele ni mbali.

Tumefikia kwa dada yake Hamisi, Rehema, jirani na zahanati. Mgongo wangu hauko mahali pake.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Sikukuu ya wakulima, na trekta limegoma kutoka shambani. Injini inanguruma, magurudumu yanazunguka, mchanga unaruka, sisi tupo palepale. Mimi nilisema ni dizeli mbaya. Hamisi alisema uzito wote uko nyuma, tela limekaa kitako, mkono wake wa mbele umeinuka na unalinyanyua trekta, kwa hiyo magurudumu hayakanyagi sawasawa. Akasema tushushe, tupange upya.

Kupanga upya ni kukubali kwamba jana tulikosea. Nikatafuta njia ya akili. Wakapita akina mama wanne wa kikundi cha ngoma, wanaenda kwenye sherehe za Nane Nane kijijini, wanawake wa haja, na ngoma zao. Nikawapa lifti kwa sharti wakae mbele kabisa ya tela. Trekta likatulia. Tukaondoka! Wakaanza kuimba. Nilijisikia waziri.

Sikufikiria kwamba watashuka.

Walishuka mbele ya msikiti, wote kwa pamoja, wakinishukuru kwa adabu. Mkono wa tela ukapaa, pini ikalia, nusu ya magogo ikamwagika barabarani. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Siku ya Ijumaa. Kijiji kizima kilikuwa kinakuja kuswali.

Imamu akasimama mbele ya magogo. Akayatazama. Akanitazama mimi. Nikasema shikamoo sheikh. Akasema marahaba, akapandisha kanzu yake na kuyaruka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Baada ya swala, bila kuombwa na mtu, wanaume kama thelathini walipakia kila kitu upya, mazito mbele, kwa nusu saa. Waliuliza M ni nini. Nikawaambia. Wakanipa na muhogo wa kuchemsha. Niliona aibu, kisha nikaona njaa, na njaa ikashinda.

Tukaondoka kwa heshima. Tulikwenda mita mia mbili. Pancha.

Jumamosi, 9 Agosti

Tela limelala uani kwa Rehema. Hamisi amepeleka tairi mjini likazibwe. Nimeufunika mzigo kwa turubai, maana si vizuri mpinzani akajua umefikia wapi.

Na mpinzani akaja! Manuel, na guta lake tupu, uso umemshuka. Tukasalimiana. Akauliza kama nimeshafika shambani kwa Mzee Sudi. Nikasema bado, ili adhani nimechelewa na yeye ajilegeze. Akauliza chini ya turubai kuna nini. Nikasema samadi.

Akakaa chini kwenye kizingiti cha Rehema, akavua kofia.

"Basi, mwanyumba, kuni zimeibwa," alisema. "Nimezikata mwenyewe, siku tatu. Nikazipanga pale kwa Mzee Sudi, karibu na njia. Kila gogo nimelitia M ya chokaa."

Nikahisi baridi, saa nne ya asubuhi, juani. M. Manuel nalo linaanza na M! Kwa nini sikuwaza? Kumbe kulia kwangu kweli kulikuwa kushoto!

Nikisema kuni hizi hapa, nitaonekana nimeiba. Tena nimeshasema ni samadi. Habari itafika kwa Bibi Celeste kabla ya mimi, na Elsa atataka cherehani.

Nikafanya ambacho mtu asiye na hatia angefanya. Nikamshika Manuel mkono tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kutoa taarifa ya wizi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu aliyewaona wezi. Manuel akasema hapana. Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nikasema nimeona Fuso jeupe.

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu. Mwenyekiti akaandika kitabuni: Fuso jeupe, magogo, M. Akawaagiza mgambo wazuie kila Fuso jeupe litakalopita na kuni.

Manuel alinishukuru kwa kumsaidia. Kabla ya kuondoka alisimama karibu na tela, akavuta hewa, akasema samadi ya Jaime ni nzuri, haina harufu kabisa.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana nimesali, na jibu limekuja: nirudishe. Kuni zirudi palepale zilipokuwa, kimya kimya, Manuel azikute mwenyewe. Kisha nichukue zangu, mkono wa kulia wa kweli.

Tairi limefungwa. Nikamweleza Hamisi mpango.

"Tunarudisha kuni shambani?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Kwani harusi imehamia shambani?"

Nikamwambia mambo mengine ni ya kifamilia. Tukazunguka tena vijiji viwili. Tukapita tena mbele ya msikiti. Imamu alikuwa barazani. Aliona tela lililojaa linarudi kulikotoka. Akapunga mkono taratibu sana.

Tulikuwa tumeshashusha zaidi ya nusu Mzee Sudi alipotokea. Nikamsalimia. Hakuitikia.

"Nimekuomba utoe miti shambani kwangu," alisema. "Wewe unaniletea miti?"

Kumbe wakati sisi hatupo amechimba mashimo ya miche, na magogo tumeyamwaga juu ya mashimo. Nikasema ni ya Manuel. Akasema hata yangekuwa ya mkuu wa wilaya, atampa mtu wa kwanza atakayepita na gari. Nikaona ni hasira tu, itapoa. Tukamalizia kushusha.

Kisha nikaenda kuona magogo yangu mimi. Yako mwisho wa shamba, upande wa bondeni. Ni mashina mazima, na mizizi yake. Moja lina siafu.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbili za shoka. Mkorosho ni mti uliojisokota wenyewe kwa wenyewe, shoka linaingia halitaki kutoka. Nimekata magogo sita. Hamisi amekata yaliyobaki, sitaki kuandika mangapi. Yote pamoja hayajafunika sakafu ya tela.

Saa tisa simu ikaita. Elsa! Na sauti laini, ambayo sijaisikia tangu mwaka jana.

"Mauricio, nimesikia umezichukua zile kuni zenye M."

Nani kamwambia? Mtego huu!

"Sijazigusa," nikasema.

"Watu wa msikitini wamemwambia Manuel wameziona kwenye tela lako. Wamezipakia wenyewe."

"Wameona vibaya. Nakuapia, Elsa. Hata moja sinayo."

Akaniuliza tena, polepole, kama nina hakika sina zile kuni. Nikajibu kwa fahari kwamba sina hata ukuni mmoja wenye M, na yeye ananijua. Akavuta pumzi. Akasema ndiyo, ananijua. Akasema nisisahau cherehani. Akakata.

Sielewi! Nimesafisha jina langu, na mambo yameharibika zaidi. Nilikaa juu ya gogo kufikiri. Lilikuwa lile la siafu.

Alhamisi, 14 Agosti

Manuel alikuja asubuhi, akanikuta kwa Rehema. Hakukaa.

"Mwanyumba, kuni ziko wapi?"

Nikachoka. Nikamwambia yote kwa mkupuo: samadi haikuwa samadi, Fuso sikuliona, kuni nimezirudisha shambani, na anisamehe kwa kuzichukua maana sikujua ni zake.

"Zangu?" akasema. "Zimekuwaje zangu?"

"Si zina M? M ya Manuel."

Alinitazama mpaka nikaangalia kama nimevaa shati kinyume.

"M ni Mauricio," akasema. "Za kwangu ningezitia alama ya nini? Si ninazijua."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Kumbe siku ile ya kikao, mara tu nilipoondoka, Elsa alimfuata Manuel. Alimwambia mume wangu hatapata kuni, nisaidie kumkatia, umwekee njiani, lakini usimwambie, akijua amesaidiwa atakataa. Manuel akakata Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi akapumzika. Jumamosi akaja kuangalia, akakuta pameachwa wazi, na mimi mwenyewe nikamwambia sijafika shambani.

Viganja vya Manuel vimepasuka, vimefungwa vitambaa. Jumamosi niliviona, nikadhani ni guta. Na mimi nilikuwa nimemwona mpinzani. Nilishika lile daftari nikatamani kufuta baadhi ya maneno. Nimeyaacha kwa sababu kalamu haifutiki.

Tukakimbilia shambani. Patupu! Mzee Sudi anapiga mluzi na miche yake. Akasema jana jioni, sisi tulipoondoka tu, amempa mtu kuni zote zilizokuwa juu ya mashimo. Mtu gani? Dereva. Wa gari gani?

Fuso, akasema. Jeupe.

Manuel alinishika bega.

Ofisini kwa mwenyekiti tukalikuta. Fuso jeupe, magogo juu, M kila mahali. Dereva ameketi kwenye benchi na kikombe cha chai, amezuiliwa tangu jana, sauti imemkauka kwa kueleza kwamba kuni alipewa. Mwenyekiti akasimama akanipa mkono. "Taarifa yako ilikuwa sahihi kabisa," alisema. "Hadi rangi!"

Hebu nifikirie. Fuso nililitunga mimi. Kisha Fuso likaja. Je, nilidanganya, au niliona mapema? Nilimtazama dereva kwa ukali. Kisha nikakumbuka hajaiba.

Manuel akanivuta pembeni. Akasema nimwambie mwenyekiti ukweli, au atamwambia yeye. Nikarudi nikasema huenda kuna Mafuso meupe mawili. Basi Manuel akasema yeye. Yote, mbele yangu, kwa ile sauti ya taratibu, hadi samadi. Mwenyekiti akachukua kalamu akapiga mstari mrefu kitabuni. Alinitazama kama mtu aliyekula kitu bila kujua ni nini.

Dereva aliombwa radhi na kila mtu. Kuni alituachia, akasema hataki kuona gogo tena maisha yake yote. Mimi nilikuwa wa mwisho kumwomba radhi. Mkono wangu aliukataa, akaupokea wa Hamisi, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Tumepakia. Mazito mbele.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumefika Msimbati. Manuel alitangulia na guta, sisi nyuma. Kwenye mchanga mzito trekta lilitembea bila kusita, na nikaanza kupiga honi.

Tumewakuta wapishi katika hali mbaya. Ng'ombe ameshachinjwa, masufuria yamepangwa juu ya mafiga, na wanawake wanachochea makumbi ya nazi na mlango wa zamani wa banda la kuku. Bibi Celeste amesimama na mikono kiunoni. Alijaribu kuona kama kuna kitu juu ya tela. Alipokiona, akakaa chini kwenye mkeka, akasema asante Mungu. Mimi hakunitaja, lakini ni haraka.

Tatizo likawa lango. Ni pengo kati ya minazi miwili, ndani kumejaa viti na turubai la wageni. Kuingia ni kwa kurudi nyuma tu. Manuel akasema tushushe hapa nje, watu wabebe. Mbele ya ukoo mzima? Nikaingiza gia.

Mara ya kwanza nikagonga mnazi wa kushoto. Mara ya pili nikakata upande ule ule ambao haukuwa ule, nikagonga wa kulia. Mara ya tatu tela lilielekea kwenye masufuria, na wanawake wakakimbia na mchele.

Elsa akatoka jikoni, unga mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Shuka," akasema.

"Elsa, nimefanya kazi bandarini."

"Ulikuwa unahesabu magunia. Shuka, Mauricio."

Nikashuka. Akakaza kanga kiunoni, akapanda. Akalivuta trekta mbele kidogo, likanyooka. Akageuza shingo, akashika usukani kwa chini na mkono mmoja, akarudi. Hakusimama hata mara moja. Tela likapita kati ya ile minazi bila kuigusa, likatulia hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Vigelegele! Hamisi alivua kofia.

Nilimuuliza amejifunzia wapi.

"Trekta la baba. Jaime alikuwa analiogopa. Mimi nimeliendesha tangu nina miaka kumi na mitano."

"Hukuniambia."

"Miaka kumi na moja tumeoana," akasema. "Hukuwahi kuniuliza."

Nikatazama magurudumu. Kisha akaniuliza kama hizi kuni nimezikata mimi. Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa tayari ulimini. Lakini Manuel alikuwa nyuma yangu anashusha magogo na vile viganja vyake. Nikasema sita ni zangu.

Elsa alicheka. Alicheka kweli, akaziba mdomo, na unga ukabaki shavuni. Nimeandika hapa ili lisipotee.

Jumamosi, 16 Agosti

Harusi. Kanisa lilijaa. Upendo alilia, bwana harusi akalia zaidi. Yeye ni kijana wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, mpole sana. Pilau iliiva mapema kuliko misa ilivyoisha. Mkorosho una moto mkali, kila mtu alisema.

Wakati wa shukrani Bibi Celeste aliwataja Manuel, Hamisi, Elsa, na Jaime kwa trekta lake. Nadhani mimi aliniweka katika "na wengineo". Nilisimama hata hivyo, nikapunga mkono.

Jumatatu, 18 Agosti

Elsa yuko nyumbani! Jana tumerudi Likombe, yeye akiendesha, mimi nikimwelekeza kutoka juu ya tela. Jaime amekagua trekta, amekuta mkwaruzo wa mnazi, amesema hanidai kitu ila nisimwombe tena. Mama Hawa ananikumbusha uzio kila nikipita, kwa hiyo napita kwa nyuma.

Leo nimekaa chini kutafuta kosa lilikuwa wapi. Imenichukua asubuhi nzima, lakini nimelipata. Kosa ni barabara. Nchi kavu ina kulia na kushoto, ina vichochoro, ina minazi. Majini hakuna vitu hivyo.

Na bahati ilivyo, saa sita Bibi Celeste akapiga simu. Alikuwa anamtafuta Elsa, lakini nilipokea mimi. Vitu vya Upendo vinatakiwa kuvushwa Ruvuma kwenda kwa mumewe: kitanda, kabati la milango mitatu, friji, godoro na masufuria. Manuel amejitolea kuvivusha kidogo kidogo, kwa mtumbwi wa mtu anayeujua mto vizuri. Kidogo kidogo! Nikamwambia mama, niachieni mimi. Safari moja, vyote, nitaunganisha mitumbwi miwili kwa kamba. Kukawa kimya kwenye simu. Nafikiri ni mtandao.

Elsa alisikia kila kitu. Tangu asubuhi alikuwa anatoa nguo begini na kuzipanga kabatini. Nilipokata simu alinitazama kidogo, kisha akaanza kuzitoa kabatini na kuzirudisha begini, moja moja, amezikunja vizuri.

Nimefurahi sana. Hajasema, lakini naona anataka tuvuke pamoja.